Usinifutie Wanangu

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nikajibu kwamba naandaa familia zinazokwenda kupigwa picha, hucheka. Kwani picha inaandaliwa? Si unasimama, unapigwa, unakwenda zako? Haya. Njoo na mtoto mwenye njaa, viatu vipya vinambana, nywele zimesukwa jana zikavutwa mpaka macho yamepanda juu, na baba ana funguo na simu mbili kwenye mfuko wa shati. Halafu nione utakavyokwenda zako.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali. Babu yangu alikuja na marobota ya nguo kutoka pwani, akaoa huku, akazikwa huku, na Kiswahili ndicho tulichokanywa nacho tukiwa wadogo. Ndiyo maana hata nikiongea Kinyarwanda, watu wa Kacyiru, kwenye maofisi, wanadhani nagomba. Huenda nagomba kweli. Mgongo uliponikatalia cherehani, kijana mmoja aliyefungua studio ya picha huko huko Kacyiru aliniomba nimsaidie. Amekulia nje, akarudi na kamera zake, taa zake na Kiswahili cha kuokoteza. Ana adabu, hilo silikatai. Ananiita Shangazi, na kazi yake anaijua.

Yangu ni hii: familia ikishaweka miadi, naifuata nyumbani kabla ya siku yenyewe. Naomba nguo zote, nazitoa nje kwenye mwanga, kwa sababu nyeusi ya kabatini si nyeusi ya juani. Nawaambia watoto wavae viatu vipya wakicheza ndani, wavizoee. Namwambia mama asije kwa pikipiki kama ametengeneza nywele, maana kofia ya abiria haina huruma. Namwambia baba halazimiki kucheka. Huku kwetu mwanamume hatoi meno hovyo mbele ya mtu asiyemjua, na nimeona picha nyingi zilizoharibika kwa sababu mzee wa watu alilazimishwa kuchekea kamera. Namwambia, mtazame mwanao aliye karibu nawe, basi. Picha nzuri za akina baba zimetoka hapo.

Lakini kijana wangu alikuja na yake. Alizoea picha za huko alikokulia, familia nzima imevaa rangi ya maziwa, suruali zimekunjwa, miguu peku, wamekaa kwenye majani wanacheka wote kwa pamoja. Akataka niwaandae watu hivyo. Niligoma tangu mwanzo. Akaona mimi ni mbishi tu, akaamua kumwomba mwenyewe mzee mmoja, mkubwa wa ofisi fulani, aliyekuja kupigwa picha na wajukuu zake. Akamwomba avue viatu. Mzee akamtazama kwa kituo.

"Kijana," akasema, "mimi nilikwenda shule peku mpaka nikaota masharubu. Nimehangaika nikapata viatu. Leo wewe unaniita hapa uje univue?"

Viatu havikuvuliwa. Na mimi sikumsaidia kijana hata kwa neno moja. Nilikuwa nimegeukia dirishani nacheka.

Tukaendelea hivyo, tunavutana, tunapatana. Rangi ya maziwa aliiacha baada ya akina mama kumwambia kwamba kwenye picha wanafanana na wauguzi waliochoka. Lililotushinda kabisa ni mafuta.

Nieleze kwa asiyetujua. Hapa Kigali mtoto hatoki nyumbani bila kupakwa mafuta. Zamani, kabla ya makopo, watu wa huku walijipaka siagi ya ng'ombe iliyotiwa manukato. Siku hizi ni mafuta ya mgando. Mtoto anaogeshwa, anapakwa uso, magoti, viwiko na nyuma ya masikio mpaka anang'aa. Nguo inaweza kuwa na kiraka, watu wakanyamaza. Lakini mtoto akipita amepauka, magoti meupe kana kwamba alipiga magoti kwenye unga, jirani atauliza, na hatauliza chini chini: kwani huyu hana mama?

Basi siku ya picha ikifika, akina mama ndio wanazidisha. Taa za studio zinawaka, na mtoto paji la uso na mashavu yanageuka madoa meupe. Kijana anasema taa inakula sura, na hasemi uongo, nimeona mwenyewe kwenye kompyuta yake. Ndiyo maana mkobani mwangu hakikosekani kitambaa laini cha kufutia nyuso. Na ninao ujanja wangu. Namwambia mama ampake mtoto usiku wa kuamkia siku ya picha, asubuhi amnawishe uso kwa maji tu. Ngozi inakuwa haijapauka na haimeremeti. Wengi hukubali, ingawa shingo upande.

Halafu nikatumwa Gikondo.

Nyumba ilikuwa bondeni, nyuma ya gereji, pale ambapo ukianika nguo zinanuka rangi ya magari. Mama wa nyumba hiyo alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo kule Masoro. Alikuwa amepata kazi za ndani Uarabuni, mkataba wa miaka miwili, na wenzake wa kiwandani walimchangia picha ya studio iwe zawadi ya kumuaga. Ana mabinti watatu. Baba yao alishakwenda zake, wala haulizwi. Watoto wangebaki na dada yake mkubwa aliyekaa nyumba ya pili, na huyo naye wanawe walikuwa wamejaa nyumba.

Tulielewana upesi, fundi na fundi. Nguo za watoto alishazishona mwenyewe, kitenge cha bluu na manjano, na nilipogeuza ndani nikakuta mishono imefungwa vizuri kuliko ya nje. Sikuwa na la kusema. Binti mkubwa alikuwa anaona aibu na kichwa chake, kimenyolewa kama cha wanafunzi wote, akaniuliza kama studio kuna wigi. Nikamwambia kichwa chenye umbo kama lile hakifunikwi, avae hereni tu, na watakaomwona ndio wataona aibu na vyao. Akacheka. Wa katikati alicheka kwa sababu mkubwa amecheka. Mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, hakucheka. Alikuwa ameshika gauni la mama yake kwa mkono mmoja, haliachii hata mama akisimama.

Ndipo nikafika kwenye mafuta. Nikaueleza ule ujanja wangu wa kupaka usiku. Mama akaacha kukunja nguo.

"Hapana, dada," akasema. "Nitawapaka asubuhi. Nitawapaka vizuri."

"Taa itawaharibu sura."

"Iwaharibu."

Nikadhani ni ubishi, na ubishi naujua, tumelelewa pamoja. Nikavuta kigoda nikakaa. Akachungulia uani, alikokuwa dada yake, kisha akaniambia kwa sauti ya chini. Picha alizitaka mbili. Moja ya kwenda nayo. Ya pili ni ya ukutani kwa dada yake.

"Dada yangu si mbaya," akasema. "Ana roho nzuri kunishinda. Lakini anachoka, na wake ni wengi. Watu wanaoachiwa watoto nawajua. Mwanzoni wanawapaka kila siku. Baadaye wanawapaka siku ya kanisa. Baadaye basi. Sitaki kumwambia neno, neno litatugombanisha, na mimi ndiye mwenye shida. Nataka picha ndiyo imwambie. Akiamka aione: niliwakabidhi hivi. Nikirudi niwakute hivi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilitazama mikono yake, imekauka vidoleni kwa sababu ya vitambaa vya kiwandani kama ilivyokuwa yangu, nikaona huyu mtu hana cha kuwawekea wanawe ulinzi isipokuwa hicho. Hana mume wa kusimamia. Hana mama. Ana ukuta wa dada yake na msumari mmoja. Nikampa neno langu hapo hapo: hatafutwa mtu.

Siku ya picha ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile ambayo mji mzima unafanya usafi na magari hayatembei mpaka kazi iishe. Walifika studio wamechelewa na vumbi la kusubiri kituoni limewashika usoni. Mama hakuniuliza. Alitoa kopo kwenye pochi, akawasimamisha mlangoni, chini ya kibao cha studio, akaanza upya kuanzia kwa mkubwa. Watu wa ofisini wanapita na wikendi yao wanamwangalia, yeye hana habari. Alipofika kwa mdogo kopo lilikuwa jeupe ndani. Akakwangua kwa kidole pembeni, chini, kwenye mfuniko, akapata kidogo cha mashavu na kidogo cha magoti. Kisha akalitupa kopo kwenye pipa, akaingia. Uso wake mwenyewe ulikuwa mkavu.

Kijana alipowaona akanivuta pembeni.

"Shangazi, hawa hukuwaandaa?"

"Nimewaandaa."

"Mbona wanang'aa?"

"Ndivyo walivyoandaliwa."

Akadhani namtania. Akachukua kitambaa kwenye kisanduku chake, akamwendea binti mkubwa, anatabasamu, hana ubaya wowote. Mama akaingia katikati. Alikuwa mfupi kumpita kijana kwa kichwa kizima.

"Usinifutie wanangu," akasema.

Hakupaza sauti. Kijana akanigeukia mimi, mtu wake, aliyemwajiri kwa jambo hilo hilo. Nikamwambia, "Umesikia." Akavimba mashavu, akarudisha kitambaa. Kwa haki yake niseme alijitahidi. Alizima taa moja, akazisogeza nyingine, akaweka pazia jeupe mbele yao, akapiga. Alipomaliza akatazama kioo cha kamera akasema kwamba mama peke yake ndiye aliyekuja amejiandaa vizuri, ngozi haina hata tone la mafuta. Mama alimshukuru. Mimi nilitazama chini, maana ningesema neno ambalo watoto hawafai kulisikia.

Safari ilikuwa wiki iliyofuata. Picha ziliwekwa tayari siku moja kabla, nikaenda kuzichukua mimi, nizipeleke mwenyewe Gikondo. Kijana alikuwa amezitandaza mezani, amefurahi. Nikainama.

Watoto hawakuwa wanang'aa. Alikuwa amewapitishia kompyuta, ameondoa kila mng'aro, mmoja mmoja, sura zimekuwa laini, kavu, sawasawa, kama za watoto wa tangazo la sabuni. Hata magoti alikuwa ameyafikia.

"Nimewasaidia," akasema.

"Umewafuta."

"Shangazi, nimetengeneza mwanga tu."

"Umewafuta bila kitambaa. Mama yao alikuambia usiwafute, ukangoja aondoke."

"Lakini hii ndiyo picha nzuri. Yeyote mwenye macho ataona."

"Nzuri kwa nani? Anayeondoka kesho ni wewe?"

Damu ilikuwa imenipanda. Sikuwa nimemweleza siri ya yule mama, maana haikuwa yangu, lakini sasa nikaitoa yote: dada mtu, ukuta, watu wanaoachiwa watoto. Nikamwambia hapo mezani hajaweka picha, ameweka ushahidi wa uongo. Dada mtu akiitundika hiyo, kila asubuhi ataona watoto wakavu, na mtoto mkavu atakuwa ndiye aliyekabidhiwa. Mama akirudi atadai nini?

Akaitazama tena picha. Alinielewa, nilimwona. Lakini na yeye ana yake. Akagonga kidole chini ya picha, pale palipoandikwa jina la studio.

"Hili ni jina langu," akasema. "Mtu akiona yale madoa meupe atasema sijui taa. Ninaishi kwa hili jina."

"Litoe basi."

"Nini?"

"Jina. Litoe. Sema wewe hukuipiga. Warudishie watoto mafuta yao, jina lako baki nalo."

Akalifunika jina kwa kiganja. Nikaona niongeze. Nikamwambia kama haiwezekani, kuanzia kesho afuate familia zake mwenyewe, akabishane na akina bibi Nyamirambo kwa Kiswahili chake kile. Sikuwa natishia. Nilikuwa nimeshavaa mtandio.

Akageukia kompyuta. Akaitafuta ile ya kwanza, ambayo haikuguswa, akaiweka, mng'aro wote ukarudi, mapaji ya uso, ncha za pua, magoti yale ya kopo la mwisho. Akafuta jina lake. Mashine ikazitoa mbili. Akaniambia nisiziweke kamwe ukutani pale studio, na mpaka leo akiikumbuka anatikisa kichwa, anasema ndiyo picha mbaya kuliko zote alizowahi kutoa. Simlaumu. Yeye anatazama taa. Lakini bahasha aliitafuta yeye, akaweka na kadibodi ngumu ndani zisije zikakunjika njiani, na hilo nalo nalihesabu.

Gikondo nilikuta sanduku limeshafungwa, limesimama mlangoni. Mama akachukua picha kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka kwenye mwanga wa mlango. Akaangalia mashavu. Akaangalia magoti. Akapitisha macho kwa mkubwa, wa katikati, mdogo, akarudia. Kisha akajiona mwenyewe katikati yao.

"Mimi nimepauka," akasema, akacheka kidogo. "Mafuta yaliniishia."

Tukahamia nyumba ya pili, dada yake akaleta nyundo. Picha ikatiwa kwenye fremu ya kioo, ikatundikwa juu ya kochi, mkabala na mlango, mahali ambapo huwezi kuingia usiione. Hakuna aliyeeleza kitu. Mwenye macho haambiwi tazama. Dada mtu alirudi nyuma, akaitazama kwa muda mrefu, akamtazama mdogo wake, akasema tu, "Nimekuelewa." Nikaaga kabla sijaanza kulia kwenye nyumba ya watu.

Tangu hapo nikienda kuandaa familia naanza na swali ambalo zamani sikuwa nalo. Kabla sijagusa nguo nauliza: picha hii inakwenda kwa nani? Wapo wanaosema ni ya sebuleni tu. Hao nawafuta. Lakini bibi mmoja aliniambia ni ya mwanawe asiyeandika, aione ajue mama yake bado anasimama. Huyo, kijana wangu alimletea kiti. Nikakitoa. Akaniletea maneno. Nikayarudisha. Sasa ameshazoea, ananiuliza asubuhi, "Shangazi, leo tunagombana au hatugombani?"

Juzi nilikuwa na shughuli Gikondo nikapitia kwa dada mtu. Sijakaa bado akaanza.

"Ile picha yenu inanitesa," akasema. "Nawapaka kila asubuhi kama nimeajiriwa. Mdogo wangu akipiga simu ya video hata hanisalimu. Anasema wapeleke dirishani. Anatazama mashavu, anatazama magoti, ndipo aniulize nimeamkaje."

"Pole," nikasema, na sikuwa na pole yoyote.

"Na wangu je? Wakisimama na hawa, wangu ndio wanaonekana yatima. Imebidi niwapake wote. Kopo halikai nyumba hii."

Nilicheka mpaka nikashika kochi. Ndipo nikainua macho, nikaona kioo cha fremu kina uchafu. Si vumbi. Mafuta, alama za vidole vidogo, zimerundikana mahali pamoja. Mkono ukaenda mkobani wenyewe, kwa mazoea, nikatoa kitambaa.

"Usijisumbue," dada mtu akasema. "Nafuta, kesho naikuta tena. Ni huyu mdogo. Nikishampaka, anapanda kwenye kochi na yale yanayobaki kiganjani, anampaka mama yake. Anasema mama amepauka."

Nikasogea karibu. Mabinti watatu walikuwa wanang'aa kama walivyokabidhiwa. Katikati yao, chini ya alama zile, uso mkavu wa mama yao ulikuwa umeshika mwanga wa mlangoni, nao unang'aa. Kitambaa kilikuwa tayari mkononi. Nikakikunja, nikakirudisha mkobani.